Mgeni wa Mtomoko: Barua kutoka Kitale na Bungoma

Bungoma,
Alhamisi, 29 Mei 2025

Senge, shangazi yangu mpendwa,

Mvua imetujali mwaka huu, mahindi yamefika magotini, na watu wamo katika palizi tangu alfajiri.

Siku ya Pasaka uliniuliza kwa simu kutoka Mombasa likizo yangu nitaipeleka wapi. Nilikujibu kwamba naenda Kitale na Bungoma kutafuta nondo, ukacheka, kisha laini ikakatika kabla sijakueleza. Leo nimeketi kwenye kibaraza chako cha zamani hapa Musikoma, nina chai ya maziwa na mandazi mawili, na nimeamua kukuandikia barua ya mkono kama ulivyotuzoeza tulipokuwa shuleni. Habari hii haitoshi kwenye ujumbe wa simu. Tena inakuhusu, kwa sababu inahusu mti wako.

Nianze na nondo mwenyewe, maana jina lake huwachanganya wengi. Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga ukalitaja dukani, muuzaji wa Tanzania atakutolea vyuma vya ujenzi. Kanisani watu wanamkumbuka yule wa Injili ya Mathayo, mharibifu wa hazina, mwenzake kutu. Huku kwetu wengi husema kipepeo wa usiku, na mambo yakaishia hapo. Ukweli ni kwamba wanaoharibu nguo ni spishi chache mno, na hata hao ni viwavi wao wanaokula sufu, si wale wanaoruka. Duniani kote wataalamu wamekwisha kuzipa majina spishi zipatazo 160,000 za nondo, ilhali vipepeo wa mchana ni kama 18,000 tu. Kenya peke yake ina zaidi ya spishi 2,000 za nondo zilizoorodheshwa. Yaani, kwa hesabu ya dunia nzima, kwa kila spishi ya kipepeo tunayemsifu juu ya ua, zipo spishi nane au tisa za nondo wanaopita tukiwa tumelala.

Nilifika Kitale Ijumaa jioni, tarehe 23. Mji ule unaujua: uko juu, karibu mita 1,900, Mlima Elgon magharibi na vilima vya Cherangani mashariki, na baridi yake ya usiku humkata mtu aliyezoea joto lenu. Mwenyeji wangu ni mwalimu niliyesoma naye chuoni. Anaishi mtaa wa Section Six, katika nyumba kuukuu yenye ua wa kayaba, mparachichi mmoja na kishamba cha viazi nyuma ya jikoni. Msituni sikutaka kwenda, kwa kuwa huko watafiti hufika. Nilitaka kujua ni wadudu gani wanaoishi na watu mjini, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji.

Jumamosi, kabla jua halijatua, tulikwenda kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi kumweleza. Hilo ni la lazima, Senge. Watu wawili waliosimama mbele ya shuka jeupe usiku wa manane hudhaniwa wezi au wachawi, na huku kwetu anayeshukiwa kuwa mkimbiaji wa usiku hapewi nafasi ya kujieleza. Mwenyekiti alitusikiliza, akauliza kama kuna dawa itakayopulizwa, tukamwambia hakuna, akaturuhusu.

Vifaa vyenyewe ni vichache: shuka jeupe, kamba, taa ya urujuanimno inayotumia betri, tochi ya kichwani, rula ya shule, simu ya kupigia picha, na daftari. Chupa ya kuulia wadudu sina. Kukusanya viumbe kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali, na mimi sihitaji mzoga. Picha iliyo wazi, yenye rula pembeni, inanitosha.

Wazee walituambia kwamba nondo huipenda taa mpaka ikamuua. Mwaka 2024 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa kamera za kasi, na ikaonyesha jambo tofauti. Mdudu wa usiku huelekeza mgongo wake kwenye mwangaza. Tangu enzi na enzi mwangaza wa usiku ulitoka angani, basi kuupa mgongo kulimjulisha juu ni wapi na chini ni wapi. Akipita karibu na balbu, huipa mgongo vilevile, akapinda, akazunguka, na asijue pa kutokea. Kumbe hana mapenzi yoyote na taa, amepotezwa njia tu. Tangu niyasome hayo siiwashi taa usiku kucha. Nikishapiga picha naizima, nawaacha wageni wangu waende zao.

Usiku huo wa Jumamosi, saa mbili, walikuja kwenye shuka letu wadogo, rangi ya majivu, wengine hawazidi punje ya mchele. Saa tatu akatua mmoja mweupe wa kijivu, mabawa yanapitisha nuru kama karatasi iliyolowa mafuta, kifua kina nukta nyeusi na tumbo ni jekundu. Nilipomgusa kwa ncha ya unyasi, povu la manjano lilimtoka mabegani, na ndani ya povu hilo nikasikia sauti ya kuchemka, kama kitunguu kinapotiwa kwenye mafuta ya moto. Ni wa jenasi inayoitwa Amerila. Povu lile ndilo silaha yake: ndege akimdona mara moja, hatamrudia.

“Huyo wa kuchemka namjua,” sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa soja wa jirani, mzee aliyevaa koti refu na kofia ya sufu, rungu mkononi. Alikuwa ametutazama muda mrefu kupitia ua. Tukamkaribisha, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Alitujulisha nani huja mvua ikikatika na nani huja karibu na alfajiri. Saa nne na robo alipotua nondo mnene mwenye alama ya fuvu la mtu mgongoni, mwenyeji wangu alirudi nyuma hatua mbili. Soja hakutikisika. “Huyu hulia,” akasema. Nilimsogezea kidole, na kweli akalia, mlio mwembamba kama wa panya. Ni Acherontia atropos. Watu wengi wanamwogopa kwa sababu ya lile fuvu, wakidhani ameleta habari ya msiba, kumbe ameletwa na viazi vya nyuma ya jikoni, kwa kuwa kiwavi wake hula majani ya viazi. Akiwa mkubwa huingia kwenye mizinga ya nyuki akaiba asali.

Kisha soja akatuambia jambo ambalo nimelibeba mpaka hapa. Amelinda nyumba za mtaa ule miaka mingi. Zamani taa ya langoni ilikuwa balbu moja ya manjano. Siku hizi zimefungwa taa kubwa nyeupe zinazowaka mpaka kuche, na kila asubuhi, kabla tajiri hajaamka, yeye hufagia nondo waliokufa chini yake. Wakubwa, wadogo, wa kijani, wenye macho kwenye mabawa. Wengine alikuwa akiwaona kila mvua ya kwanza, sasa ni miaka hajawaona. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mtu yeyote. Akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Usiku ule, Senge, niliandika jina lake kwenye daftari langu, palepale panapoandikwa jina la aliyeona.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda Makumbusho ya Kitale. Nilikuwa na hamu nayo, kwa kuwa historia yake ni ya wadudu tangu mwanzo. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeishi hapo, alikuwa na shauku ya kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Mwaka 1926, mwaka uleule reli kutoka Eldoret ilipofika Kitale, alianzisha makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyiko wake, pamoja na fedha za kujengea jumba jipya, na mnamo Desemba 1974 likafunguliwa likiwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya, la kwanza katika makumbusho ya bara. Vizazi vya watoto wa shule vimepita pale, nami nikiwemo, siku ile ya darasa la sita ulipotununulia soda njiani.

Safari hii sikuvitazama vitu kama nilivyovitazama utotoni. Nilisimama mbele ya kisanduku cha kioo nikiwaza juu ya kile kikaratasi kidogo ambacho mkusanyaji humchomekea mdudu chini ya pini: mahali, tarehe, jina la aliyekusanya. Mbawa hufifia rangi, miguu hukatika, mende wadogo wakiingia hubaki vumbi. Lakini kikaratasi kikiwepo, hata mguu mmoja uliosalia ni ushahidi kwamba kiumbe huyu aliishi hapa, siku hii. Kisipokuwepo, mdudu mzima mwenye rangi zake zote hana faida kwa mtafiti.

Nilifikiri pia juu ya zama zile. Trans Nzoia ilikuwa katika nyanda za juu zilizotengwa kwa walowezi, na watu wetu waliingia mle kama vibarua. Bila shaka wapo waliomjua nondo kwa msimu wake na kwa mti wake, kama soja wetu anavyowajua leo. Sasa kazi hii ya kuandika ni yetu. Simu tunazo, macho tunayo, na vibaraza vyenye taa tunavyo.

Jumatatu asubuhi nilipanda matatu kuja Bungoma. Barabara unaijua: Kiminini, Kamukuywa, halafu unashuka kuelekea Webuye, mahindi kulia na mahindi kushoto, kisha miwa inaanza. Nilikaa na mama mmoja mwenye kuku wawili kikapuni. Aliona nimepakata katoni kwa uangalifu akauliza nimebeba nini. Nilipomwambia ni taa ya kutafutia vipepeo wa usiku, uso wake ulibadilika. “Hao ndio waliotumaliza mwaka wa 2017,” akasema.

Alisema kweli. Viwavijeshi wapya kutoka Amerika waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakaingia Kenya kupitia kaunti zetu hizi za magharibi, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo. Yule mama aliniambia walivyoamka wakakuta moyo wa kila muhindi umetobolewa. Viwavijeshi ni watoto wa nondo mmoja wa rangi ya udongo, asiyezidi urefu wa kucha ya kidole gumba, ambaye ungempita ukutani bila kumtazama mara mbili.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamwambia kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kazi yangu. Nondo mgeni hufika kabla ya kiwavi wake. Mtu anayewajua wenyeji wa taa yake ndiye atakayesema mapema kwamba huyu sijawahi kumwona. Nikamkumbusha pia kilimo cha sukuma-vuta, ambacho icipe, shirika la utafiti wa wadudu, lilianza kukijaribu kwa wakulima wa Trans Nzoia katika miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake inamfukuza nondo wa bungua, na unazungushia shamba nyasi za nepia, ambazo zinamvuta aende akatage huko. Hila hiyo isingewezekana kama hakuna aliyekesha akimtazama nondo anachokipenda na anachokikimbia. Mama akasema shemeji yake anacho kishamba cha namna hiyo, na ng'ombe wake wanashiba. Tulipofika Webuye, chini ya kilima cha Chetambe, aliteremka akaniombea safari njema.

Bungoma iko chini kuliko Kitale, kama mita 1,400 hivi, na joto lake la jioni ni zuri kwa nondo. Nyumba yako imebadilika, Senge, lakini utaitambua. Kifungua mimba wako amepangisha vyumba vya mbele kwa familia tatu, na ua umejaa watoto, jiko la makaa na nguo zilizoanikwa. Kando ya choo bado umesimama mtomoko, ule mnaouita mtopetope huko Pwani. Ulitusimulia jinsi ulivyonunua tunda lake soko la Chwele, ukala njiani, ukazika mbegu hapo ulipofika. Sasa shina lake sikuweza kulikumbatia likaisha.

Mchana, nikizunguka nyuma ya nyumba, nilimkuta nondo mdogo kwenye kitalu cha mboga ya kimiro cha mpangaji mmoja: mweupe, amenyunyiziwa nukta nyekundu na nyeusi, kana kwamba amechorwa kwa mkono. Huyu ni Utetheisa pulchella. Viwavi wake hula kimiro chetu hiki hiki tunachokula na ugali, na sumu iliyomo kwenye mmea huo wanaihifadhi mwilini, ndiyo maana anathubutu kuruka mchana na rangi zake zote bila kuogopa ndege. Mpangaji alikuwa akimwona kila msimu wa mboga. Hakujua kwamba ana jina.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa mvua. Nilisaga ndizi zilizoiva kupita kiasi, nikachanganya na sukari nguru, nikaacha zichache, nikapaka kwenye shina la mtomoko. Walikuja nondo wa kahawia wenye jicho kubwa kwenye kila bawa, wakanyonya kama wazee kwenye chungu cha busaa. Halafu mvua ikakoleza, stima ikapotea mtaa mzima, nikalala.

Usiku wa pili, Jumanne tarehe 27, ndio niliotaka kukueleza. Mwezi ulikuwa mwandamo, giza zito, hakuna upepo, ardhi inatoa mvuke. Niliwasha taa saa moja na nusu, shuka limetundikwa hatua sita kutoka kwenye mtomoko. Watoto wa wapangaji walikuja wote, wanaambizana kwamba vumbi la mabawa likiingia machoni linapofusha. Niliwapa lenzi mmoja mmoja wakaona kwamba lile vumbi ni magamba madogo, yamepangwa safu kwa safu kama vigae vya paa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kwenda kulala.

Saa tano na dakika ishirini tulisikia mvumo. Nilidhani ni popo. Kitu kilizunguka taa mara tatu, kikagonga shuka kwa kishindo, kikatulia. Mvulana mmoja alivua patipati tayari kupiga, dada yake akamshika mkono. Nikasogea kwa magoti.

Alikuwa nondo mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona mjini. Mabawa ya mbele ni ya rangi ya gome la mti, kahawia na kijivu na weusi kidogo, mistari imekatana kiasi kwamba kama angetua kwenye shina la mtomoko badala ya shuka, tungempita. Nilimwekea rula: sentimita 12 na nusu kutoka ncha hadi ncha. Aliposogeza bawa la mbele, likafunuka la nyuma, jeusi, na kwenye shina lake doa la manjano kama kiini cha yai. Chini ya kichwa, ulimi umejikunja mzingo juu ya mzingo, mnene kama kamba ya kiatu. Nilipiga picha juu, ubavuni na mbele. Mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Niliituma picha usiku uleule kwa mtaalamu wa wadudu, naye asubuhi akanijibu: Xanthopan morganii.

Senge, jina hilo lina kisa. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika juu ya okidi ya Madagaska ambayo utomvu wake mtamu umo chini kabisa ya mrija unaokaribia sentimita 30. Akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Alifariki mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 nondo huyo wa Madagaska akaelezwa na wanasayansi, naye alikuwa ndugu wa huyu wetu wa bara, ambaye tayari alikuwa na jina tangu miaka ya 1850. Mwaka 2021 wataalamu wakawatenganisha kuwa spishi mbili. Wa kwetu ana ulimi mfupi kuliko wa Madagaska, lakini bado ni miongoni mwa ndimi ndefu za wadudu wote. Na viwavi wake, Senge, hula majani ya miti ya ukoo wa mtomoko.

Saa saba kasoro alianza kutetemesha mabawa, kwanza polepole, kisha kwa kasi mpaka hayaonekani. Hivyo ndivyo anavyopasha misuli moto kabla ya kuruka. Nilizima taa. Tukamsikia akipita juu ya vichwa vyetu, upande wa mti, halafu kimya. Wale watoto walikaa gizani bila kusema neno.

Asubuhi niliuzunguka mtomoko kwa muda mrefu. Kiwavi sikumwona, ila majani mengi yameliwa kuanzia ukingoni, na chini nimekuta vidonge vya kinyesi vikubwa kama pilipili manga. Nimeandika hayo pia.

Nisikudanganye kwamba spishi hii inatoweka. Inaishi sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Lakini nadra iko ya namna mbili. Ipo nadra ya kiumbe aliyebaki mahali pamoja tu duniani, na ipo nadra ya kiumbe ambaye mahali fulani hajapata mtu wa kumwandika. Ya pili ndiyo imetujaa. Kama nisingekuwa na shuka lile, huyu mgeni angegonga balbu ya chooni, asubuhi angefagiwa, na Musikoma ingebaki mahali ambapo hakuna ajuaye kama aliwahi kuishi. Kitale yupo soja aliyefagia miaka mingi. Bungoma wapo akina mama wanaofagia. Tumefagia mengi tusiyoyajua, Senge.

Nimewaachia watoto daftari la kurasa 96. Nimewafundisha mambo matano ya kuandika: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na jina la aliyeona. Binti yule aliyemwokoa nondo asipigwe patipati ndiye mtunzaji. Nimemwonyesha pia jinsi ya kupandisha picha kwenye mtandao wa iNaturalist kwa simu ya mama yake, ili wataalamu wa mbali wazione. Usiku wa jana, bila mimi, wameandika nondo kumi na mmoja.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Kifungua mimba wako anataka kuongeza vyumba vinne vya kupangisha. Simlaumu, watoto wake wanasoma na karo haingoji. Lakini fundi ameshapiga kamba ya msingi, na kamba hiyo inapita juu ya mtomoko. Wanasema mti utakatwa mwezi ujao. Nimepima kwa hatua mimi mwenyewe: ukuta ukisogezwa hatua nne kuelekea kwenye lango, vyumba vyote vinne vinaenea na mti unabaki, pamoja na kivuli wanachofulia wapangaji. Nimemweleza, akasema mti ni wa mama, mwenye neno ni mama.

Basi, Senge, nakuomba umpigie simu wiki hii, kabla ya fundi kurudi. Mwambie mtomoko usikatwe. Mwambie pia taa ya nje awe akiizima watu wakishalala, au afunge balbu ya manjano. Kuizima hakumgharimu kitu.

Nisalimie wote huko. Matunda yakiiva nitakutumia kwa basi.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.